Jua ni mgeni, udongo ndiye mwenyeji wa Uluguru

Saa kumi na moja alfajiri, milima ya Uluguru ikiwa bado imejifunika ukungu, Soko Kuu la Chifu Kingalu mjini Morogoro huwa limekwisha kuamka. Magari yaliyoteremka kutoka Kinole, Tawa na Matombo hushusha mikungu ya ndizi, mafenesi, mananasi, na viroba vya mdalasini na pilipili manga. Yaliyotoka upande wa Mgeta huleta kabichi, karoti, viazi mviringo na njegere zenye umande wa mlimani. Wachukuzi hupita mbio na mizigo mabegani wakiomba njia, mama lishe huchochea moto wa chai, na wachuuzi huigeuzageuza mikungu kuikagua kabla ya kutaja bei. Jua likipanda, sehemu kubwa ya mzigo huo huwa imeshapakiwa tena kuelekea Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 200.

Mnunuzi huona ndizi na bei yake. Akiitazama kwa makini zaidi, ataona kwamba ndani ya mkungu ule wamekutana wawili waliotoka mbali. Wa kwanza ni nguvu ya jua, iliyonaswa na majani mapana ya mgomba kwa miezi mingi. Wa pili ni mlima wenyewe: potasiamu, fosforasi, naitrojeni na chembe nyingine ambazo mizizi ilizinyonya udongoni. Nguvu na chembe hizo huingia shambani kwa milango tofauti, na hutoka kwa njia tofauti. Anayeielewa tofauti hiyo ataelewa kwa nini mlima huu umelisha watu kwa vizazi vingi, na kwa nini sasa baadhi ya mashamba yake yamechoka.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika Uluguru, mgeni ni jua na mwenyeji ni udongo.

Mgeni wa kila asubuhi

Mgeni huyu haalikwi wala hadaiwi nauli. Kila kunapokucha huja na nishati mpya, akaimwaga juu ya msitu, shamba, paa la bati na mwamba mtupu bila kuchagua. Anayejua kumpokea ni jani la kijani. Jani huchukua maji yaliyopandishwa na mizizi, likachukua hewa ukaa kutoka angani, na kwa nguvu ya mwanga likaviunganisha kuwa sukari. Wanafunzi wetu huiita kazi hiyo usanisinuru. Kwa kawaida mmea huhifadhi mwilini kiasi cha asilimia 1 tu ya nishati ya mwanga unaouangukia, pengine pungufu. Kwa asilimia hiyo moja tunakula, tunapika kwa kuni na mkaa, na ng'ombe wanakamuliwa.

Tufuate kidogo safari ya nguvu hiyo. Katika msitu ulio juu ya mji wa Morogoro, kiwavi hutafuna jani. Kiwavi huliwa na ndege mwenye kichwa cheusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano ambaye wataalamu humwita *Malaconotus alius*. Ndege huyo hapatikani mahali pengine popote duniani ila katika milima hii. Juu yake yuko tai mwenye kishungi, anayeweza kumkwapua hata kima mtini. Huo ndio mnyororo wa chakula: jani, mla majani, mla nyama, na mla nyama mkubwa zaidi.

Katika kila pingili ya mnyororo huo, nguvu nyingi hupotea. Kiwavi hawezi kusaga kila alichokitafuna. Alichokisaga kwa sehemu kubwa hukitumia kutembea, kupumua na kuendelea kuwa hai, na nguvu hiyo huishia kuwa joto. Ukimshika kuku kifuani, lile joto unalolisikia kiganjani ni jua la siku zilizopita, lililopita kwenye mahindi, likapita kwenye kuku, na sasa linakwenda zake hewani. Hakuna kiumbe awezaye kulikusanya na kulila tena. Mgeni akishaaga, ameaga. Bahati yetu ni kwamba kesho asubuhi atakuja mwingine.

Jongoo, kuvu na nyungunyungu

Maada, yaani zile chembe zinazojenga mwili wa kila kiumbe, hazina desturi ya kuaga. Chembe ya fosforasi iliyokuwa kwenye jani haigeuki joto ikatoweka. Itakuwa kwenye kiwavi, kisha kwenye ndege, kisha kwenye kinyesi cha ndege, kisha udongoni, na baadaye kwenye jani jingine. Hiyo ni chembe ileile, labda imeshazunguka namna hiyo mara nyingi tangu kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa.

Kazi ya kuizungusha hufanywa na viumbe ambao kwa kawaida tunawakanyaga. Panda njia ya Morningside, ambako bado kuna nyumba ya mapumziko ya enzi za Wajerumani, uendelee mpaka uingie kwenye msitu wa asili. Ukifika, piga magoti. Juu kabisa utakuta majani makavu ambayo bado yana umbo lake. Chini yake yapo majani meusi, laini, yaliyotobolewatobolewa. Ukiendelea kufukua utaona nyuzi nyeupe nyembamba kama uzi wa buibui, na harufu itabadilika kuwa ile ya ardhi iliyonyeshewa. Nyuzi zile ni kuvu. Jongoo na konokono wametangulia kuyakatakata majani, nyungunyungu wameyachanganya na udongo, halafu kuvu na bakteria wasioonekana kwa macho wameyavunja mpaka yakabaki madini ambayo mzizi unaweza kuyanywa. Kuvu wengine wameshikamana na mizizi yenyewe: wanauletea mti fosforasi na maji kutoka mbali, na mti unawalipa kwa sukari.

Msitu wa Uluguru unaonekana umeneemeka kiasi kwamba mtu hudhani udongo wake una utajiri usio na mwisho. Mahali penye joto na mvua nyingi kama hapa, akiba kubwa ya rutuba haiko chini sana ardhini. Iko kwenye viumbe vyenyewe, yaani kwenye shina, jani na mzizi, na kwenye tabaka jembamba la juu ambako majani yanaoza. Miteremko ya mashariki, inayokutana na pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, hupata zaidi ya milimita 2,500 za mvua kwa mwaka katika sehemu zake za juu. Maji mengi kiasi hicho yangeshakwangua rutuba yote zamani. Msitu unaizuia isiondoke kwa sababu kila kinachoanguka hudakwa na mzizi kabla mvua haijakifikia.

Ndiyo sababu mtu anayefyeka msitu hupata mavuno mazuri mwaka wa kwanza na wa pili, kisha huona mahindi yakianza kuwa ya njano. Udongo haujamsaliti. Amekula akiba iliyowekwa na miti kwa miaka mingi, na waliokuwa wakiirudisha wameondoka pamoja na miti.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru ilitangazwa mwaka 2008, ikaunganisha misitu ya kaskazini na kusini iliyokuwa imehifadhiwa tangu enzi za ukoloni, na sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Ina ukubwa wa hekta zipatazo 24,000. Ndani yake wamo vyura wanaozaa watoto waliokamilika badala ya kutaga mayai majini, na vinyonga wadogo wanaofanana na jani lililokauka. Hawa wote wanaishi kwa kutegemea lile tabaka la majani yanayooza. Vyura na vinyonga hula wadudu, na wadudu wengi wa sakafu ya msitu hula majani yaliyokufa au huwala wenzao wanaoyala. Katika msitu, sehemu kubwa ya majani haipitii kinywani mwa mla majani yeyote yakiwa mabichi. Huanguka kwanza, kisha ndipo karamu inapoanza.

Panya, bundi na hesabu ya moja ya kumi

Mwaka 1942, Mmarekani kijana aitwaye Raymond Lindeman alichapishiwa makala iliyobadilisha namna wanasayansi wanavyoitazama dunia hai. Alikuwa amechunguza kiziwa kidogo chenye matope katika jimbo la Minnesota, akapima nishati inavyopita kutoka kwa mimea hadi kwa wanyama wanaoila, na kutoka kwa hao hadi kwa wawindaji wao. Alifariki dunia mwaka huohuo akiwa na umri wa miaka 27, kabla makala yake haijatoka. Kutokana na njia aliyoifungua, walimu leo hufundisha kanuni rahisi: katika kila hatua ya mnyororo wa chakula, takriban moja ya kumi tu ya nishati huvuka kwenda hatua inayofuata. Kiasi halisi hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, lakini picha haibadiliki.

Kwa hesabu hiyo, majani na mbegu zenye nishati ya vipimo 10,000 zitajenga panya wa vipimo 1,000, na panya hao watajenga bundi wa vipimo 100. Sasa tunajua kwa nini msituni unaweza kuhesabu jongoo kumi kabla hujanyanyuka pale ulipopiga magoti, lakini unaweza kukaa wiki nzima usimwone tai. Uhaba wake hautokani na kujificha tu. Mlima hauna nguvu ya kuwalisha tai wengi.

Morogoro inaijua hesabu hii kwa njia ya uchungu, kupitia panya shamba. Katika tambarare zinazozunguka milima, mkulima hupanda mahindi leo, na kesho kutwa hukuta mashimo yamefukuliwa na mbegu zimeliwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilicho chini kabisa ya milima hii, wamewafuatilia panya hawa tangu miaka ya 1980 wakishirikiana na wenzao wa Ulaya. Walichokigundua kinaanzia mbinguni. Mvua za vuli zikija mapema na kwa wingi, nyasi huota na kutoa mbegu mapema. Mbegu hizo humfanya panya azae kabla ya msimu wake wa kawaida. Jike mmoja huweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja, na mwili wake umejiandaa kwa kazi hiyo, kwani huweza kuwa na chuchu 24. Hao nao wakikua haraka na kuzaa, ifikapo msimu unaofuata wa kupanda kuna jeshi shambani. Kwa kutazama mvua, watafiti wakaweza kutabiri mwaka wa panya kabla panya wenyewe hawajaonekana.

Wengi wetu hupenda kudhani kwamba bundi na nyoka wakiachwa, watalimaliza tatizo. Majaribio yaliyofanywa katika mashamba ya mahindi Morogoro yalionyesha kwamba wawindaji peke yao hawatoshi kuizuia idadi ya panya isipande. Hesabu ya moja ya kumi ndiyo inayotueleza sababu: bundi ni mchache kwa maumbile, na anazaa polepole, wakati panya anasukumwa kutoka chini na mvua na mbegu. Hilo halimfanyi bundi awe hana kazi. Kila usiku anatoa panya shambani bila kudai sumu wala mshahara, na ni kosa letu kumpiga mawe tukimwita ndege wa uchuro. Ila mkulima anapaswa kujua kwamba mlango mkuu wa panya ni chakula. Wakulima wa jirani wakisafisha mashamba na kupanda kwa wakati mmoja, wanaufunga mlango huo vizuri kuliko mtego wowote.

Ardhi ya juu na ardhi ya chini

Mlima huu uliwahi kutoa somo la mzunguko wa maada kwa gharama ya damu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru. Shabaha yake ilikuwa njema kwenye karatasi: kuzuia mmomonyoko na kuulinda Mto Ruvu. Watu waliamriwa wachimbe matuta makubwa bapa kwenye miteremko, kwa kazi ya lazima, na atakayekaidi aadhibiwe. Julai 1955 hasira ilifurika huko Matombo. Watu walikusanyika kwa wingi kupinga, polisi wakafyatua risasi na mtu mmoja akauawa. Baada ya hapo mpango ulikufa.

Historia hukumbuka zaidi siasa ya tukio hilo, kwani chama cha siasa cha TANU kilikuwa kimezaliwa mwaka mmoja kabla, na mlima ukawa uwanja wake mzuri. Lakini ndani ya malalamiko ya wakulima mlikuwa na elimu ya udongo ambayo maofisa hawakuisikiliza. Ukichimba tuta bapa kwenye mteremko mkali wenye udongo mwembamba, unaufukia udongo wa juu na kuuleta juu ule wa chini. Udongo wa juu ndimo wanamoishi nyungunyungu, kuvu na bakteria, na ndimo mabaki ya mimea yanamorudi kuwa chakula. Ule wa chini ni mwekundu, mgumu, hauna mboji. Mwanga wa jua ulikuwa uleule, na mvua ileile, lakini mahindi yaliyopandwa juu ya matuta yale yalidumaa. Mkulima alitoka jasho la lazima ili apate pungufu ya alichokuwa akipata.

Wakati huohuo, upande wa Mgeta, wakulima walikuwa na namna yao. Walipalilia mteremko kwa jembe, wakakokota magugu na udongo wa juu, wakavifukia pamoja kwa mistari iliyokatiza mlima, mpaka shamba likawa kama ngazi. Ngazi zile hazikuwa imara kama kuta za mawe. Hata hivyo, kila msimu magugu yaliyonyonya rutuba yalirudishwa palepale yalipoota, yakaoza, yakalisha zao lililofuata. Mvua ilikuta mteremko wenye vizuizi, na mzizi ulikuta mboji. Mkulima yule hakuwa amesoma habari za naitrojeni. Alijua kwamba ardhi iliyolishwa hulisha.

Mwenyeji anapohama

Tarehe 23 Februari 1970, mvua ya zaidi ya milimita 100 ilishuka Mgeta kwa muda usiofika saa tatu. Mlima ulichanika. Watafiti Paul Temple na Anders Rapp waliochunguza baadaye walihesabu maporomoko ya ardhi zaidi ya 1,000. Mengi mno yalianzia kwenye mashamba na kwenye nyasi. Yaliyoanzia penye miti yalikuwa machache sana. Mizizi mirefu ilikuwa imeufunga udongo kwenye mwamba kama kamba inavyofunga mzigo kwenye baiskeli.

Maporomoko ni msiba unaoonekana. Upo mwingine wa polepole. Sentimita moja ya udongo huhitaji miaka mia moja, na mara nyingi zaidi ya hapo, kutengenezwa kutokana na mwamba. Mvua kubwa ya masika inayokuta shamba tupu huweza kuondoa sehemu yake kwa mchana mmoja. Vijito vinavyopita mjini Morogoro vinageuka rangi ya chai ya maziwa. Ile rangi ni shamba la mtu linalopita.

Linakwenda wapi? Sehemu yake hutua katika Bwawa la Mindu, lililojengwa kwenye Mto Ngerengere kwa ajili ya maji ya mji, na ambalo tope limekuwa likilipunguzia kina tangu lilipoanza kazi miaka ya 1980. Bwawa lolote likipokea udongo wenye mbolea nyingi, mwani hushamiri majini. Mwani ule ukifa, bakteria huuozesha na kutumia oksijeni, na perege hukosa pumzi. Rutuba ileile iliyokuwa neema kwenye mteremko inakuwa sumu ikifika mahali isipotakiwa. Udongo mwingine hufuata Mto Ruvu, unaoanzia katika milima hii na kuwapa maji wakazi wa Dar es Salaam, mpaka baharini karibu na Bagamoyo. Mto umekuwa ukibeba chembe za mlima kwenda kwenye mikoko na kamba wa pwani tangu zamani, na mikoko inazihitaji. Taabu ni kiasi: mto unabeba kwa masika moja kile ambacho zamani ulikichukua kidogokidogo, na hakuna mto unaopandisha udongo mlimani.

Moto nao unaihamisha rutuba kwa njia ya juu. Kila kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, miteremko ya Uluguru huwaka. Mara nyingine ni mkulima anayesafisha shamba, na moto unamponyoka. Katika dakika chache moto unatoa nguvu ya jua ambayo kuvu na jongoo wangeitumia kwa miezi. Naitrojeni iliyokuwa kwenye majani makavu huondoka na moshi. Potasiamu na fosforasi hubaki kwenye majivu, na ndiyo maana shamba lililochomwa hupendeza kwa msimu mmoja, lakini mvua ya kwanza ya vuli huyakuta majivu hayana kilichoyashika, ikayateremsha.

Halafu ipo njia ya nne ya kuhama, ambayo hatuiiti uharibifu kwa sababu tunaiita biashara. Ndizi iliyomenywa ina miligramu 350 hivi za potasiamu kwa kila gramu 100. Maana yake ni kwamba katika tani moja ya nyama ya ndizi zimo kilo 3.5 za potasiamu ya mlima, na bado hatujahesabu maganda, ambayo yanayo kwa wingi pia. Magari yanayoteremka kutoka Kinole na Matombo hubeba matunda, na hubeba mlima. Ndizi huliwa Manzese na Mbagala. Maganda huishia dampo, na kilichomo mwilini mwa mlaji huishia chooni. Mkulima hulipwa kwa ajili ya mgeni, yaani ule utamu ambao ni jua lililogeuka sukari. Kwa ajili ya mwenyeji aliyeondoka naye, hakuna anayelipa.

Mbuzi wa Mgeta na mgomba wa nyuma ya bafu

Kila mmoja wetu ameuona mgomba uliopandwa nyuma ya bafu au kando ya jalala. Ni mnene kuliko wenzake, majani yake ni ya kijani kibichi, na mkungu wake huhitaji kutegemezwa kwa mti. Hakuna aliyeununulia mbolea. Unakula maji ya kuoshea vyombo, majivu ya jikoni, maganda ya ndizi zake wenyewe na mavi ya kuku. Ule mgomba ni ushahidi tosha kwamba tunaujua mzunguko wa maada. Tumeufanya mdogo, tukauacha nyuma ya nyumba.

Mgeta wameupeleka mbele kidogo. Katika miaka ya 1980, kwa msaada wa watafiti wa SUA na wenzao wa Norway, mbuzi wa maziwa wa Kinorwe waliletwa na kusambazwa kwa wakulima wa hali ya hewa ile ya baridi. Mbuzi hufungiwa bandani na kukatiwa majani. Kwa hesabu ya Lindeman, mtu anaweza kusema kwamba mbuzi ni hasara, kwani sehemu kubwa ya nguvu ya majani itapotea kama joto kabla ya kufika kwenye kikombe cha maziwa. Ni kweli, lakini binadamu hawezi kula nyasi za ukingo wa tuta. Mbuzi huzila, akampa mtoto maziwa na kuacha samadi chini ya banda. Samadi hiyo huingia kwenye bustani ya kabichi, na majani ya nje ya kabichi hurudi kwa mbuzi. Jua limepita mara moja. Naitrojeni na fosforasi zimezunguka bustani mara nyingi bila kutoka nje ya uzio.

Njia nyingine ni nyepesi zaidi na mzee yeyote anaijua: kuchanganya mahindi na maharage, kunde au mbaazi. Kwenye mizizi ya jamii ya kunde mna vinundu vidogo vyenye bakteria wanaochota naitrojeni hewani na kuigeuza mbolea. Ile iliyoondoka na moshi huweza kurudi kwa mlango huo. Fosforasi na potasiamu hazina mlango wa hewani. Zikiondoka, njia ya haraka ya kuzirudisha ni mtu kuzibeba, ama kwenye mfuko wa mbolea ya dukani, ama kwenye samadi na mboji. Wakufunzi wa kilimo hai walioko Morogoro, kama wale wa shirika la Sustainable Agriculture Tanzania (SAT) wenye kituo chao Vianzi, wamekuwa wakifundisha wakulima wa miteremko kutengeneza mboji, kutandaza majani juu ya ardhi na kuacha kuchoma.

Mwishoni mwa miaka ya 2000 lilifanyika jambo ambalo linastahili kukumbukwa pamoja na lile la 1955. Katika vijiji vya Kibungo Juu, kwenye chanzo cha maji ya Ruvu, mashirika ya CARE na WWF yalianzisha utaratibu ambamo watumiaji wa maji walio mbali, likiwemo shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo, walichangia malipo kwa wakulima walioshika udongo kwa makinga maji ya fanya juu, matuta na miti. Baadhi ya kazi zenyewe zilifanana na zile ambazo wazee wao walizikataa. Safari hii hakuna askari aliyesimama pembeni, mkulima alichagua, na aliyefaidi maji kule chini alitambua kwamba anadaiwa na mtu wa juu. Utaratibu ule ulikuwa mdogo na wa muda. Lakini ulionyesha kwamba deni la mlima linaweza kuhesabiwa na kulipwa.

Gari linapopanda

Saa tano asubuhi, Kingalu huanza kutulia. Chini ya meza kumebaki makapi: maganda, majani ya kabichi, vikonyo vya mikungu, mafenesi yaliyopasuka. Kufikia jioni yatazolewa na kupelekwa dampo pamoja na plastiki, yatavundia pale, na maji yake meusi yatazama mahali ambapo hakuna mzizi wa kuyapokea. Kwa mkulima wa Tawa anayenunua mfuko wa mbolea kwa bei inayomtoa jasho, hicho kilichozolewa ni fedha yake.

Nje ya soko, magari yaliyoshusha ndizi hujiandaa kurudi. Yanapakia sukari, chumvi, sabuni, soda, mabati mawili matatu. Nafasi iliyobaki nyuma ni kubwa. Ingetosha viroba kadhaa vya mboji iliyotengenezwa kwa makapi ya soko hilohilo, iwapo halmashauri, wafanyabiashara na wenye magari wangekaa na kukubaliana nani atenge maganda na plastiki, nani ayaozeshe, na nani ayapandishe. Hilo halihitaji mtambo wa kigeni. Kazi ngumu ya kuozesha itafanywa na wale wasiodai posho, kuvu na bakteria.

Kesho jua litachomoza tena na kumwaga nguvu yake juu ya Uluguru kama lilivyofanya leo. Likikuta jani, litageuka ndizi. Likikuta mwamba mtupu, litaupasha moto, na jioni joto hilo litaondoka bila kumlisha mtu. Kinachoamua ni kama mwenyeji bado yuko nyumbani. Dereva amewasha gari, utingo amefunga turubai juu ya nafasi tupu, na safari ya kupanda Kinole imeanza.